Wendell Tarpley Aenda Nebraska

Wendell Tarpley alikuwa kocha msaidizi kwa miaka ishirini na mitatu, katika vyuo sita, na hakuwahi kuwa kocha mkuu hata siku moja. Katika mpira wa Kimarekani, kazi yake ilikuwa kuwafundisha wale vijana wa miraba minne wanaosimama mbele kumkinga mrushaji. Mashabiki hawaimbi majina yao, na la kocha wao hawalijui kabisa.

Alianzia Arkansas, akilala kwenye kochi la ofisini na kufua jezi za timu. Baadaye ikawa Oklahoma, alikomwoa Maurine, kisha Kansas, na kuendelea. Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wake hufuata mlango huohuo. Ndivyo kazi ilivyo. Maurine alikuwa amefundisha darasa la tatu katika majimbo matano. Binti yao Ivy, ambaye sasa ana kwake, alisoma shule nne.

Novemba ile walikuwa Mississippi. Timu ilishapoteza mechi tisa. Saa nne asubuhi chuo kilimfukuza bosi wake, na saa tano Wendell akakabidhiwa boksi tupu la kutilia vitu vyake. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Akawapigia simu makocha aliofanya nao kazi. Wote walimjibu kwa heshima, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi. Wiki tatu akashinda nyumbani akipika maharage na kumtembeza mbwa.

Kisha ikaja simu kutoka Nebraska. Marquis Oglesby, mwenye miaka thelathini na minne, alikuwa amepewa ukocha mkuu wa chuo kimoja kidogo, naye alitaka kumwona. Wendell alimkumbuka vizuri. Kule Kansas, msimu wa mwisho wa Marquis kucheza, ni Wendell aliyemtoa kikosi cha kwanza na kumweka kijana wa mwaka wa kwanza.

"Baba Ivy, huyo anakuita ukampigie magoti," Maurine alisema.

"Huenda."

"Na utakwenda?"

"Nitakwenda."

Aliendesha gari siku nzima, akalala njiani, akafika kesho yake. Marquis hakupoteza muda. Alichora ubaoni mbinu ya kumkinga mrushaji, akamuuliza angemfundishaje mbinu hiyo kijana mwenye nguvu lakini mzito wa miguu. Wendell akasogeza viti, akachuchumaa katikati ya ofisi na kuanza kuonyesha mguu unavyotangulia. Yakapita masaa mawili kabla hajakumbuka kwamba alikuwa kwenye usaili.

Akakaa, akajifuta jasho. "Marquis, tusizungukane. Mwaka ule nilikutoa kikosini."

"Nakumbuka. Nilikuchukia miaka miwili."

"Unaona nilikosea?"

"Hapana. Yule dogo alinizidi, nami nilijua. Ila wenzako walikuwa wanabandika orodha ukutani wanatokomea. Wewe ulikuja mpaka bwenini, ukaniambia usoni. Nikakutukana, ukakaa palepale mpaka nikamaliza matusi." Marquis alitazama dirishani kidogo. "Nataka mtu kama huyo awe na vijana wangu. Lakini hapa bosi ni mimi. Nikisema tunarusha mpira, tunarusha."

"Sawa, Kocha," Wendell alisema.

Njia nzima alikuwa ameliogopa neno hilo, kumwita Kocha kijana aliyekuwa mchezaji wake. Lilitoka bila taabu.

Maurine hakuhama naye mara moja. Alimwambia safari hii hatawaacha wanafunzi wake katikati ya mwaka, atakuja shule zikifungwa, na kwamba yeye Wendell atafute nyumba na afungue maboksi yote mwenyewe. Akakubali. Januari akapanga nyumba karibu na uwanja, na kila Jumapili akamweleza kwa simu masufuria ameyapanga wapi. Maurine alikuwa akimkosoa, naye akiyahamisha.

Mazoezi ya Aprili yalianza nyasi zikiwa bado zimeloa theluji. Jioni moja Wendell alikuwa chini, goti kwenye tope, ameshika kiatu cha jitu moja la mwaka wa pili, akikisogeza inchi mbili nje. Marquis akapuliza kipenga upande wa pili, akaita wote wakusanyike.

"Dakika tano, Kocha," Wendell aliomba.

"Tatu."

"Haya, rudia," akamwambia kijana, akainuka kumpisha.