Alama za Wimbo wa Lazima

Meshack, mwenye duka la kaseti pale Kaloleni, alinifuata kwa sababu nilikuwa nimesimamia mashindano ya kwaya miaka minne bila watu kurushiana maneno. Ilikuwa 1999, redio za FM zimeanza kusikika mjini na kila kijana anataka kusikika humo.

"Mwalimu Ndeshi, nipangie alama za mashindano ya remiksi," alisema. "Vijana sita wanatengeneza upya nyimbo za zamani kwa midundo yao, kila raundi anatoka mmoja. Mshindi anaingia studio siku tatu."

Mimi nafundisha hesabu, na swali la namna hiyo halinipi usingizi. Nilichukua utaratibu wa kwaya mzima mzima. Raundi ya kwanza ni wimbo wa lazima: wote waufanyie kazi wimbo mmoja, ule wa akina mama wa Meru wakichuma kahawa. Kaseti zipewe namba badala ya majina, maana mdogo wangu Allen alikuwa mshindani na sikutaka maneno. Majaji watatu, kila mmoja atoe alama kwa mia, tujumlishe. Nikajiona mjanja kweli.

Majaji walikuwa Meshack mwenyewe, na walimu wawili wa kwaya, Mzee Ephraimu na Mama Kandida. Jumamosi tukatangaza. Allen aliongoza kwa alama 230. Nice, binti kutoka mtaa wa Lemara, akawa wa mwisho kwa 195 na akatoka. Allen, ambaye alikuwa ameacha kazi gereji pale Sakina kwa ajili ya mashindano haya, alininyanyua juu mbele za watu.

Jumapili baada ya ibada niliitazama tena karatasi. Mbona wote sita walipangana vilevile alivyowapanga Meshack, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho? Wale majaji wengine wawili walikuwa wamekuja kufanya nini? Nikaangalia alama zao. Meshack alianzia 45 akafika 90. Wenzake hawakushuka chini ya 70 wala kuvuka 75.

Nilipanda mlimani kwa Mzee Ephraimu, nikamkuta shambani anakata majani makavu ya migomba.

"Shikamoo mzee. Kwa nini humpi mtu arobaini?"

"Marahaba. Arobaini?" Alinishangaa. "Kwenye kwaya watu wametembea tangu alfajiri, wameimba, halafu tunakula nao pilau. Utamwangaliaje uliyempa arobaini? Kwetu sabini maana yake hukufanya vizuri. Kila mwanakwaya anajua."

"Kwa hiyo uliyempa sabini..."

"Aliharibu. Alipiga ngoma mpaka sauti za akina mama zikazama. Yule wa sabini na tano ndiye aliyewasikiliza."

Wa sabini alikuwa Allen, na wa sabini na tano Nice. Mama Kandida alikuwa ameandika vivyo hivyo.

Nilirudi nikatupa alama nikabaki na nafasi: kwa kila jaji, nani wa kwanza, nani wa sita. Mwenye jumla ndogo ndiye bora. Nice alipata nane, wa kwanza. Wengine wakapata tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Allen alipata kumi na tatu. Sitaki kudanganya, kwa dakika chache nilifurahi tu kwamba nimelipata jibu. Ndipo nikaelewa jibu lenyewe: anayetoka ni mdogo wangu.

Meshack alinisikiliza hadi mwisho, akasugua kidevu.

"Tumeshatangaza, mwalimu. Mimi sijapendelea mtu."

"Hujapendelea. Alama zako zimepishana arobaini na tano, zao tano tu, kwa hiyo mpango ndio ulikupa wewe kura zote, na mpango ni wangu."

"Na anayetoka unamjua?"

"Namjua."

Akaniambia nikiamua, atabandika karatasi mpya mlangoni.

Nyumbani Allen alikuwa na vipokea sauti masikioni, anaandaa raundi ya pili. Nilimwekea karatasi mbele yake, nikamweleza yote.

"Kosa umefanya wewe, dada," alisema, "halafu nitoke mimi?"

"Ndiyo."

Alichukua kalamu akaanza kujumlisha mwenyewe, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Akarudia. Mimi, niliyewachapa wanafunzi kwa kukosea kujumlisha, nilikaa pale nikiomba niwe nimekosea. Alijumlisha mara ya tatu, polepole, akaweka kalamu chini.

"Nice anajua?"

"Bado."

"Basi nenda kamwambie," alisema, na akaanza kukunja nyaya.