King'ora cha Kiwanda cha Pamba

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba, kila mkulima wa Bariadi alitaka kupanua shamba, na Maige akazidiwa na wateja. Kazi yake ya pembeni ilikuwa kufundisha maksai wachanga kuvuta plau. Kila maksai mgeni alimfunga nira moja na Sabuni, maksai wake mweupe mzee, naye Sabuni akamtia mwenzake adabu. Kila asubuhi king'ora cha kiwanda cha pamba kilipolia, Maige aliwafungua wote wawili, akavaa kofia yake ya mlinzi, akakimbilia getini.

Kisha bosi mpya wa kiwanda akamtaka achague: ajira ya kudumu au ng'ombe.

"Mvua ikigoma, hao ng'ombe watakulipa nini, Baba Joyness?" mkewe aliuliza.

Maige akairudisha kofia kiwandani hivyo hivyo.

Kesho yake alikuwa shambani na maksai wa jirani. King'ora kikalia. Sabuni akasimama katikati ya mstari, akainamisha shingo, akingoja kufunguliwa kama kawaida. Maige akapiga mluzi, akafoka, wapi! Alikuwa ameshanyanyua fimbo alipokumbuka kwamba mshahara wa kiwanda kile ndio uliomnunua Sabuni, na ndio uliowalisha watoto mwaka wa njaa.

Akashusha fimbo.

"Umenishinda utu, mzee," akamwambia.

Akageukia kiwandani, mkono ukaenda kichwani kuvua kofia ambayo haikuwepo tena.

"Ahsante," akasema kwa sauti.

King'ora kikanyamaza, na Sabuni akavuta.