Matofali ya Inchi Nne

Kila mteja aliyeingia kwenye kiwanja cha Mama Maswali alikutana na swali lile lile kabla salamu hazijaisha: "Ya kujengea nini?" Kama ni msingi, alikupa yale mazito yasiyo na matundu. Ukuta wa kubeba paa au ghorofa, inchi sita. Yale membamba ya inchi nne, yenye matundu katikati, alikuuzia ukisema ni ya kugawa vyumba au ya uzio, basi. Wapo waliomwona msumbufu, ndio waliompa hilo jina. Alikuwa amefyatua matofali ya saruji miaka kumi na miwili, hakujali.

Mdogo wake, mkandarasi, alipokuja na lori kuchukua elfu mbili ya inchi nne, alijibu bila kupepesa macho.

"Uzio wa shule, dada. Ule wa nyuma."

Wiki tano baadaye Mama Maswali alikwenda shuleni hapo asubuhi kumpelekea mjukuu wake daftari alilolisahau. Uzio wa nyuma ulikuwa mabati yale yale yenye kutu. Lakini uwanjani palikuwa na madarasa mawili mapya. Juu yake mbao zimeshatandazwa, nondo zimefungwa, na mashine ya zege inanguruma. Ghorofa ilikuwa inakuja.

Aliyajua matofali yake kabla hajayafikia. Mashine yake ya kufyatulia ilikuwa imepinda kidogo, na kila tofali lilitoka na kinundu kwenye kona. Aliingia darasani. Kwenye kona ya dirisha ufa ulikuwa umeanza kushuka, na zege lenyewe halijamwagwa bado.

Damu ilimchemka. Akatoka, akapanda ngazi huku kanga inamnasa miguuni, akaketi kitako juu ya nondo.

"Mama, tunamwaga!" fundi mmoja akapiga kelele.

"Nimwagieni mimi."

Mdogo wake akaja mbio, kofia mkononi.

"Dada, shuka. Unanidhalilisha mbele ya watu wangu."

"Uliniangalia usoni ukaniambia uzio!"

"Tofali ni tofali, bwana. Saruji ile ile, mchanga ule ule."

"Mwanao atakaa chumba kipi?"

"Mwanangu hasomi hapa."

"Ndiyo maana!" Sauti ilimpasuka. "Wa kwangu anasoma hapa. Yuko pale, darasa la tatu!"

Mwalimu mkuu akatoka ofisini, chaki ingali vidoleni. Akasikiliza, kisha akamtazama Mama Maswali kwa jicho la shaka. "Si wewe uliyeyauza?"

Hilo lilimchoma kuliko yote. "Mimi. Nimeyafyatua kwa mikono yangu, najua yanabeba nini na hayabebi nini. Chukua futi upime."

Mwalimu akapima mwenyewe, mara mbili. Inchi nne.

"Wewe uliniambia sita," akamwambia mkandarasi.

"Ya sita yalikuwa yameadimika, mwalimu. Na ninyi mlikuwa mnaharakisha..."

"Zima mashine."

Zege lililokwisha kuchanganywa likagandia chini pale pale. Wiki hiyo kuta zikabomolewa hadi usawa wa msingi, na shule ikatafuta mkandarasi mwingine. Yule fundi aliyepiga kelele alikuja kiwanjani kununua ya inchi sita. Alichukua kila tofali akaligonga kwanza.

Jumapili mama yao akapiga simu. Mdogo mtu alikuwa amefika kwake analia.

"Ni mdogo wako wa tumbo moja," mama akasema. "Ungemvuta pembeni, mkayamaliza."

Mama Maswali alisubiri. Alidhani mama atauliza habari za watoto, au angalau za kitukuu wake wa darasa la tatu. Hakuuliza.

"Nimekusikia, mama."

Akakata simu. Akachukua mpira wa maji, akaanza kumwagilia matofali ya jana. Mdogo wake hajaongea naye mpaka leo, wala yeye hajamtafuta.