Kitufe cha "Pokea"

Nitamwambiaje mama mdogo azishushe picha za wajukuu zake wote, ilhali ameketi kando yangu akizichekea? Kifungu cha sheria nilikijua kwa moyo. Namna ya kukitamka ndiyo sikuwa nayo.

Mama mdogo ni mkunga. Watoto waliopita mikononi mwake huwaita wajukuu, na kwa ajili yao alijijengea tovuti kwa programu huria, ile inayotengenezwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure kwa yeyote. Akina mama huingia, huandika jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, huweka picha, nazo picha hujipanga kwenye ukuta wa tovuti kama vinguo kwenye kamba. Kila jioni mama mdogo huvaa miwani yake, ambayo mkono wake mmoja umeungwa kwa plasta ya hospitali, akaupitia ukuta huo taratibu.

"Huyu aligoma kulia mpaka nikamgombeza," husema. "Sasa tazama mashavu!"

Nilikuwa nimekwenda kumsaidia kutimiza sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Chuoni tuna kikundi cha wanafunzi wa sheria wanaowasaidia wenye tovuti ndogo ndogo, wasio na wakili wala fundi, na niliamini kwamba kazi ya tovuti ya mama mdogo ingekwisha kabla chai haijapoa. Ilani ya kuomba ridhaa ilikuwapo, tena kwa Kiswahili. Chini yake palikuwa na kitufe, na wazazi wote walikuwa wamekibonyeza. Nilimpongeza.

Ndipo simu yake ilipolia, naye akaiweka kwenye kipaza sauti.

"Mkunga, shikamoo."

"Marahaba, Mama Pacha. Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo, ila nina ugomvi na wewe. Nimepokea, nimepokea, kidole kimekufa ganzi. Mzigo wenyewe uko wapi?"

"Mzigo gani tena?"

"Si umeandika mwenyewe, 'Pokea'? Na shoga yangu kabonyeza. Tukasema mkunga wetu anastaafu, anatugawia nepi!"

Baba mdogo, aliyekuwa akipiga pasi shati lake mezani, alicheka mpaka ikabidi aisimamishe pasi. "Miaka yote mpokeaji ni wewe, leo umewaachia wenzako kazi!"

Mimi sikucheka. Niliufungua ukurasa upya na kuusoma kama mgeni. Mfasiri fulani wa kujitolea, ambaye pengine aliletewa neno moja tu la Kiingereza lililokatwa kutoka kwenye ukurasa wake, alikuwa ameandika "Pokea" mahali palipostahili "Nakubali". Maelezo yaliyotangulia yalikuwa ya herufi ndogo mfano wa sisimizi. Kwa mama anayesoma haraka, mtoto begani, ilani nzima ilisema jambo moja tu: kuna kitu chako hapa, chukua.

Kulirekebisha neno hakukuwa kazi. Uzuri wa programu huria ni kwamba yeyote aonaye kosa anaweza kupeleka sahihisho, nami nililipeleka palepale, ili na tovuti nyingine zinufaike. Lakini ukuta je? Majina, sura na tarehe za kuzaliwa za watoto vilikuwa mbele ya macho ya dunia nzima, na wazazi wao walidhani wanapewa nepi.

"Mbona umenuna, Wakili?" mama mdogo aliniuliza mara tu alipokata simu.

"Mama mdogo, hawa hawakukubali. Walidhani wanapewa kitu."

"Si umesharekebisha?"

"Kwa watakaokuja. Waliokwishaweka picha, bado."

"Acha hizo," baba mdogo akadakia. "Imerekebishwa, imerekebishwa. Kimyakimya, nani atajua? Na wenyewe wanampenda."

Nilitamani maneno yake yawe sahihi. Baadhi ya akina mama walikuwa wamehama na namba zao hazipatikani. Picha zao zikishuka, hazingepanda tena. Mama mdogo alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Wodi angewaachia wengine, na ukuta ule ndio pekee aliokusudia kwenda nao nyumbani. Nilimweleza polepole kwamba picha zote zishushwe na kila mzazi aulizwe upya, nikimtazama mikono badala ya uso.

Alisikiliza huku akisogeza picha kwa kidole, akasimama kwenye ya kichanga kisicho na hata unywele.

"Mama yake huyu simpati tena," alisema.

"Najua, mama mdogo."

"Alikuwa mwoga yule! Kila nikitaka kumgusa namwambia kwanza, naweka mkono hapa, ukiwa tayari sema. Hajasema, mkono uko hewani. Nilikaa hivyo mpaka bega likaniuma." Alivua miwani. "Alikuwa kimya, lakini sikujiambia kwamba kimya chake ndiyo ruhusa."

Baba mdogo alizima pasi. "Nakala si utabaki nazo kwenye kompyuta?" aliuliza kwa upole.

"Hata nakala, baba mdogo," nilijibu. "Picha ya atakayenyamaza inafutwa kote."

"Hiyo sheria yenu haikuzaliwa na mama?"

"Ilizaliwa," mama mdogo akasema, "ila haikupitia kwangu. Ingejua kubembeleza."

Akanivuta begani, akanibusu utosini, kisha akaniomba nimwonyeshe pa kubonyeza ili aufiche ukuta wote. Alibonyeza mwenyewe. Ukurasa ukabaki mweupe. Alipenga kamasi, akafungua kundi la akina mama kwenye simu, akaanza kurekodi sauti.

"Wanangu, ni mimi mkunga wenu. Nepi hakuna, neno lilikosewa. Picha za watoto nimezishusha zote leo. Anayetaka ya mwanawe irudi, ionwe na watu wote, aniambie mwenyewe. Ambaye hataniambia mpaka mwisho wa mwezi, nitaifuta, pamoja na nakala yake."