Kioo Kirefu Kuliko Tembe

Ritha alikuwa amekipima kwa macho tu kioo alichomnunulia mama yake, na macho yakamdanganya. Kilitoka Mandewa mpaka Iguguno kimelazwa juu ya godoro nyuma ya pikapu, kikafika bila mkwaruzo. Walipokisimamisha ndani kwa mama yake, fremu ikagonga boriti. Kilizidi kwa shubiri mbili nzima.

"Nilikwambia nyumba yangu ni tembe, si ghorofa," alisema Mama Anastazia. Lakini hakuwa akimtazama binti yake. Alikuwa akipapasa maua ya alizeti yaliyochongwa kwenye fremu ya mninga, ua moja baada ya jingine.

Akaitwa jirani, fundi Melkiori, aje na msumeno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kata hapo juu, baba, kiingie."

Melkiori alikizunguka kioo, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye maungio. Msumeno akauweka chini.

"Aliyechonga hii amekesha nayo. Mimi siikati."

"Sasa tubomoe paa, fundi?" Ritha aliuliza.

"Paa liacheni. Tuchimbe sakafu."

Ritha alidhani anatania. Mama yake akacheka, akaenda kuleta jembe.

Wakachimba mbele ya ukuta eneo la ukubwa wa mkeka, kina cha kupita shubiri mbili, wakaacha ngazi ya kushukia. Melkiori akapanga mawe bapa, akayasawazisha kwa subira mpaka hakuna lililocheza. Mama akasiriba kingo kwa udongo kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya tatu wakakisimamisha kioo, kikakaa kama kilichozaliwa pale. Mwanga wa mlangoni ukaruka mpaka chumba cha ndani, kule ambako mama alizoea kuchambua mtama kwa kupapasa. Ritha akamshukuru fundi.

Mama akashuka ngazi, akajitazama kutoka kilemba hadi miguu. Akageuka, akachungulia mgongo wake.

"Kumbe kanga yangu huwa inaning'inia hivi nyuma! Miaka yote mnaniona, mnanyamaza?"

Wakacheka mpaka Melkiori akajifuta machozi.

Jumamosi Jenipher, bibi harusi wa nyumba ya pili, aliomba kuvalia pale. Mama Anastazia alikaa kwenye kigoda, akamzungusha mara tatu, akamnyooshea shela.

"Umependeza, mwanangu," alisema. "Jitazame tena, usiwe na haraka. Kanisa halihami."