Sweta la Kibanda cha Juu

Hema lilianza kuvuja kabla hatujamaliza kufunga kamba zake. Si tone moja moja, hapana. Maji yalipita kwenye kitambaa kana kwamba kitambaa hakipo. Wifi yangu alikaa katikati, magoti kifuani, begi kichwani, akanitazama.

"Wifi, hili hema ulilifanya nini?"

"Nililifua."

"Kwa nini?"

"Kwa sabuni. Kwani hema hufuliwa kwa uji?"

Sikumwambia kuhusu dawa ya madoa. Kumbe hema la mume wangu lilikuwa na utando ndani wa kuzuia maji, na mimi nilipouona nilidhani ni uchafu wa miaka. Nikachemsha maji, nikausugua mpaka ukatoka wote. Mimi ni dobi tangu usichana wangu. Hakuna doa lililowahi kunishinda.

"Haya," akasema wifi, maji yanamchuruzika puani. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Wifi ni msusi. Kutwa anasimama nyuma ya vichwa vya watu akiwagawia methali, na njiani hakuacha. Mimi nilikaa kwenye maji yale nikayatazama yakipanda kwenye soksi. Sikukasirika, sikucheka. Nilikuwa nimekufa ganzi tangu msiba, na maji ya baridi hayakubadilisha kitu.

Mume wangu alikuwa msoma mita za maji. Mwaka mzima anazunguka mitaani, geti hadi geti, anainamia vifuniko vya chuma, anafukuzwa na mbwa wa watu. Akipewa likizo, mwenzake angelala. Yeye anakwenda kutembea! Anabeba begi anaifuata njia hii ya milimani, karibu wiki nzima kwenye misitu na mawe, halafu anarudi kachubuka na kafurahi. Sikuwahi kumfuata. Nilimwambia mtu mwenye akili zake hapumziki kwa kazi ileile iliyomchosha. Alicheka tu, kama kawaida yake.

Alifia kazini. Aliinama kusoma mita nje ya nyumba ya mtu, hakuinuka tena. Moyo, walisema. Walioniletea habari walinikuta nimeshika pasi, nami nikamaliza kulipiga pasi lile shati kwanza, maana lilikuwa la mteja na nilikuwa nimemwahidi jioni.

Sikulia. Msibani watu walinichungulia usoni wakisubiri, waliposhindwa wakaanza kunong'ona. Wageni walipoondoka nilikusanya kila kilichokuwa chake nikakipeleka kazini. Mashati, sare, kofia, foronya ya mto wake, koti la mvua, hema. Nikafua. Siwezi kusema niliamua. Mikono ilianza, nami nikaifuata.

Siku chache baadaye wifi alikuja kuomba shati moja la kaka yake, la kumkumbukia. Nikamfungulia kabati. Kila kitu kilikuwa kimepigwa pasi na kukunjwa kwa mkunjo wetu, ule alionifundisha mama: mkono wa kushoto unakwenda nyuma kwanza, wa kulia juu yake, kola inabaki wazi, chini kunakunjwa kwa theluthi ili mstari usipite tumboni. Sijauona mkunjo huo kwa dobi mwingine yeyote. Mume wangu mwenyewe ulimshinda. Kila nilipomfundisha alianza na mkono wa kulia, nami nikamrushia shati kifuani, "Rudia!" Naye ananirudishia, tunarushiana, shati la watu linaishia sakafuni. Miaka yote ya ndoa hakukunja hata leso.

Wifi alitoa shati la kwanza akalipeleka puani. Akatoa la pili. La tatu. Mwishowe akaingiza kichwa chote kabatini, na alipokitoa alikuwa kapauka.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

"Nani?"

"Wifi, umenifulia kaka yangu mpaka ameisha."

Maji yakimwagika hayazoleki.

Ni yeye aliyekumbuka sweta. Kwenye likizo yake ya mwisho mume wangu alirudi bila sweta lake la kijivu, na nilimgombeza sana, maana viraka vya viwiko nilivitia mimi. Akasema kaliacha kibanda cha juu, karibu na mwisho wa njia. Huko kuna sanduku. Mwenye nguo ya ziada anaiacha, anayefika kalowa anavaa. "Kuna mtu litamfaa," alisema. Nikamwambia, wewe je, baridi haiwapigi watu kama wewe?

Kwa hiyo ilibaki nguo moja tu ambayo mkono wangu haukuipitia, na ilikuwa juu ya mlima. Wifi alisema anaifuata. Nikasema nitamsindikiza, asije akapotea. Uongo mtupu. Nililitaka lile sweta kuliko nilivyotaka kula. Nilidhani nikilipeleka puani tu, kitu kitafunguka, nitakuwa mtu tena. Na kila mvua iliponyesha niliwaza jambo moja: leo kuna mtu kalowa huko juu. Leo analivaa. Kesho anaondoka nalo.

Basi asubuhi ile, baada ya hema kutusaliti, tukakamua. Nilikamua mimi. Wifi hajui kukamua, anaibembeleza nguo kama kichwa cha mteja. Tukafunga mizigo, ikawa mizito mara mbili, tukafuata alama za rangi kwenye miti.

Kabla ya adhuhuri tukafika mtoni. Daraja la magogo halikuwepo. Zilibaki nguzo mbili na kipande cha kamba kinachocheza juu ya maji.

"Kuvunjika kwa koleo..." akaanza wifi.

"Hilo si koleo. Ni daraja. Funga mdomo utembee."

Tulipanda kufuata mto, tukipasua vichaka, mpaka tukapata mahali maji yamesambaa kwenye mawe, tukavuka. Siku ikawa imekwisha na hatujasogea mbele hata hatua. Malengelenge ya kisigino yalipasuka, nikavua buti nikaona soksi imeshika damu. Niliitazama kama soksi ya mteja: maji ya baridi kwanza, usitie moto. Kisha nikaivaa tena. Hivyo ndivyo nilivyokwenda njia nzima. Kazini nguo zikijaa mpaka mlangoni, huzitazami zote, utazimia. Unamaliza iliyo mkononi, unachukua nyingine.

Kesho yake, kwenye mteremko, wifi alikanyaga jiwe lenye utelezi wa kijani. Mguu ukaenda, akayumba, akajishika.

"Umeona?" akasema kwa madaha. "Kuteleza si kuang..."

Akaanguka. Alianguka vizuri, na begi lake, mpaka chini ya mteremko. Nilipomfikia alikuwa ameshika kifundo cha mguu analia kwa sauti, makamasi na machozi vyote pamoja. Kifundo kilikuwa kinavimba nakiona. Nilichana foronya niliyokuwa nayo begini nikakifunga, na wakati nafunga nilimwangalia anavyolia nikamwonea wivu. Ndiyo, wivu. Yeye anaumia, anasikia anaumia, analia.

"Niache hapa," akasema. "Nenda kalichukue. Litachukuliwa, wifi. Nenda."

Nilisimama. Sitasema sikulifikiria. Nililifikiria vizuri sana, hata nikageuza uso kuangalia njia.

"Nikuache hapa, halafu mama mkwe nimwambie nini? Kwamba mmoja amekufa, wa pili nimemsahau porini? Inuka."

"Siwezi."

"Hujajaribu. Inuka kabla sijakukamua."

Nikahamishia mizigo yake begini mwangu. Hema nikaliacha chini ya mwamba, hema lisilozuia maji ni shuka tu. Nikamkatia fimbo, mkono wake mwingine ukakaa begani kwangu, tukaenda mwendo wa kinyonga. Niliona wazi tunachelewa. Kila alipopumzika nilihesabu wanaotutangulia.

Mchana wakaja wanaume wawili wanateremka kutoka juu, wamefunga makoti mpaka kidevuni. Nikawasimamisha katikati ya njia.

"Habari za huko juu? Wewe, fungua zipu."

"Nini, mama?"

"Fungua koti nione umevaa nini ndani."

Maskini, akafungua. Fulana nyekundu. Nikamgeukia mwenzake, naye akafungua bila kuambiwa. Shati la mistari.

"Haya, nendeni salama."

Walikwenda wakigeukageuka nyuma. Wifi alicheka mpaka akakaa chini, akishika mguu na tumbo kwa pamoja. Mimi nilimsubiri amalize. Nilijua ni kichekesho, ila hakikunifikia.

Kibanda cha juu tulikifikia siku iliyofuata, alasiri, mvua imetupiga tangu alfajiri. Wifi alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, na ameacha methali, jambo lililonitia wasiwasi kuliko mguu wake. Mlango ukafunguliwa na mtunza kibanda, mwanamume mwenye kitambi na maneno mengi.

"Karibuni, karibuni dada zangu! Loo, mmelowa! Njooni motoni. Sanduku lile pale, jichagulieni chochote, msione haya."

Kilikuwa chumba kimoja: jiko la kuni, vitanda vya mbao, meza, na sanduku chini ya dirisha. Sikuvua hata begi. Nilipiga magoti nikainua kifuniko.

Sweta lilikuwa juu kabisa. La kijivu, viraka vyangu kwenye viwiko. Sikuligusa kwanza. Nililitazama lilivyokunjwa. Kola wazi. Mikono nyuma. Chini theluthi.

Wifi alinipita akiburuta mguu, akalinyakua, akazamisha uso wake ndani. Akabaki hivyo. Nikamsubiri. Alipoinua uso nilijua kabla hajasema.

"Sabuni," akasema.

"Lazima!" Mtunza kibanda alikuwa anachochea moto, na fahari imemjaa. "Kila mwisho wa mwezi nafua nguo zote, na maji yenyewe ya barafu. Hakuna mtu atakayevaa nguo chafu kwenye kibanda changu."

Wifi alimtazama, akanitazama mimi, akakaa sakafuni. "Hata huku," akasema. "Hata huku juu, jamani."

Basi, imekwisha. Nilingoja nisikie kitu na sikusikia kitu. Nikarudi kwenye sanduku, sijui kwa nini, labda kwa mazoea tu. Chini ya sweta palikuwa na koti la sufu. Kola wazi, mikono nyuma. Chini yake fulana nzito. Suruali, skafu, shati la mtu mwembamba. Nguo za watu nisiowajua, kutoka sijui wapi, zote zimekunjwa mkunjo wa mama yangu.

"Nani alikufundisha kukunja hivi?" nikamuuliza. Sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Nimekosea?"

"Nani?"

"Bwana Dobi. Jamaa mmoja anapita hapa kila mwaka. Njia nzima wanamwita hivyo, maana kila akikaa ni habari za mkewe dobi. Mkewe anasema hivi, mkewe doa hili analitoa vile." Akacheka peke yake. "Alikuta nimezisokomeza nguo humu kama magunia, hakulala. Akazitoa zote. Shati moja alinirudishia mpaka nikachoka! Nikikosea tu, ananirushia kifuani. 'Rudia! Mke wangu angekurushia hivi hivi.' Mnamfahamu?"

Kuni zikalia motoni. Wifi akanigeukia.

"Alijua kukunja?" nikauliza.

"Bwana Dobi? Kama mashine. Mwaka huu hajapita bado."

"Hatapita," nikamwambia. "Amefariki. Mimi ndiye mkewe."

Mtunza kibanda aliweka chini kuni aliyoshika. Alisema pole, akaisema tena. Meno ya wifi ndiyo yaliyokuwa yakisikika.

"Vaa sweta," nikamwambia wifi.

"Hili? Wifi, si ndilo..."

"Nguo ni kavu, wewe umelowa. Unangoja mwaliko?"

Akalivaa. Lilimbana kidogo, lakini baada ya muda meno yalitulia, na akalala nalo.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Upande wa pili wa mlima kuna barabara ya gari, si mbali, na mtunza kibanda alisema atatuteremsha mwenyewe. Wifi alivua sweta akanipa.

"Chukueni," akasema mtunza kibanda. "Ni lenu."

"Linabaki," nikasema. "Kuna mtu litamfaa."

Nikalitandaza mezani. Mkono wa kushoto nyuma. Nikasimama. Sikujua kinachofuata. Mikono yangu, iliyokunja nguo za mji mzima, ilikaa juu ya lile sweta haijui kazi yake. Niliona viraka vya viwiko, nikaona nilivyovishona huku namgombeza kwa nini anachana nguo, naye kasimama mlangoni anakula karanga, hana hili wala lile.

"Niachie mimi, dada," akasema mtunza kibanda taratibu.

Akalivuta upande wake. Alikuwa na wasiwasi, masikini, mwenye mkunjo wake yuko mbele yake anamtazama. Akaanza na mkono wa kulia.

Nililinyakua nikamrushia kifuani.

"Rudia!"

Ndipo niliposikia sauti yangu, na haikuwa sauti ya mtu mzima. Kilio kilinitoka pale pale nimesimama, kikubwa, cha aibu, kisichozuilika. Wifi alikuja akichechemea akanishika kichwa kwa mikono yake miwili, hakusema methali yoyote. Mtunza kibanda alibaki kashika sweta, ananitazama, hajui kakosea wapi.

"Kushoto kwanza," nikamwambia, machozi yananiingia mdomoni. "Ni kushoto kwanza. Rudia."