Mafiga ya Zuhura

Mbaraka alikuwa na wake wawili, nyumba mbili, na fedha ya kodi moja. Hesabu hiyo ilimnyima usingizi kuliko kunguni, na kunguni wa milima yetu enzi za Mwingereza walikuwa na uwezo wa kumhamisha mtu pamoja na kitanda chake.

Viazi vilikuwa vimeozea ardhini kwa mvua. Karani wa kodi ameshamaliza bonde la jirani, keshokutwa anapanda kwetu. Na asiye na kodi, kila mtu alijua aendako: anateremshwa Mombo, kisha mashamba ya mkonge huko tambarare, akakate majani mpaka deni liishe. Kaka yake Mbaraka aliteremka hivyo mwaka wa nzige. Homa ikammaliza hukohuko. Kilichopanda mlima kurudi nyumbani ni blanketi lake tu.

"Kodi ni ya paa," Mbaraka aliambiwa sokoni Lushoto, na aliyemwambia alikuwa amevaa viatu, kwa hiyo akaamini. "Karani anahesabu mapaa. Paa moja, kodi moja."

Asubuhi yake ukungu ukashuka, ukungu wetu ule ambao mtu akitundika kofia yake hewani haianguki. Mbaraka akaona Mungu amemfunikia. Akapanda juu ya nyumba ya Zuhura, mke mdogo, akaanza kung'oa nyasi. Fito zikafuata, kisha udongo. Hata kabla ya adhuhuri palikuwa peupe, naye akaanza kupanda migomba pale pale palipokuwa na kitanda.

Yakabaki mafiga, yale mawe matatu ya jikoni.

"Hayo usiyaguse, Baba Tatu," Zuhura akasema. Alikuwa na mtoto wao, Tatu, mgongoni na chungu mkononi. "Nyumba hujengwa upya. Mume aking'oa mafiga ya mkewe, bonde zima linajua jambo moja tu. Nimeachwa."

"Ni kwa siku mbili."

"Talaka ya siku mbili sijapata kuisikia."

"Karani akiyaona atajua palikuwa na jiko. Jiko lina mke, mke ana nyumba. Nitakwenda mkonge, Zuhura. Unataka nirudi blanketi?"

Mbaraka akayang'oa, akayasukuma bondeni. Yalinguruma sana. Moja, wanasema, liliviringika mpaka Mombo, likavuka reli, garimoshi likasimama kulipisha.

Mwanahawa, mke mkubwa, akampokea mwenzake mlangoni. "Karibu, mwenzangu. Lala upande wa mbuzi. Upande huu yuko mume anayetetemeka."

Na alitetemeka kweli. Kila aliyekohoa barabarani alikuwa karani. Mbwa akibweka, Mbaraka anatoka kuitazama migomba yake. Na kila akiitazama, anaiona imezidi kunyauka. Alikwenda kuimwagia maji huku mvua inanyesha.

Siku ikafika. Karani Nathanaeli, kijana wa misheni mwenye suruali iliyopigwa pasi, akaingia uani akiongozwa na tarishi wa Zumbe, chifu wetu. Nyuma yao mkia wa majirani, maana kodi ya mwenzio ni tamasha.

"Shikamoo, Mzee Mbaraka."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

"Nyumba ngapi hapa?"

"Ni hii hii."

"Na pale?"

"Pale ni migomba."

Nathanaeli akaitazama. Migomba ilikuwa imeinama yote, kama mashahidi waliolishwa maneno. Akafungua kinywa aulize tena, na hapo ndipo Hassani, kaka yake Zuhura, alipoingia na ndugu zake wawili. Hawakumsalimia mtu. Kwetu mtu akiingia bila salamu, kina mama huondoa vyungu njiani.

"Shemeji," Hassani akasema, "tumesikia umeng'oa mafiga ya dada yetu. Kama umemwacha, sema mbele ya watu tuondoke naye. Kama hujamwacha, sema vilevile."

Mbaraka akamtazama karani, akamtazama Hassani, akatazama chini. Akisema amemwacha, kodi ni moja na fedha anayo; Zuhura na Tatu wanavuka kilima jioni hiyo, na neno la talaka likishatoka mbele ya watu halirudi kinywani. Akisema hajamwacha, basi ni Mombo.

"Shemeji, jambo hili... tungekaa kwanza, tukanywa uji..."

"Tumesimama."

"Nami nasubiri, mzee," karani akasema, kalamu hewani.

Zuhura alikuwa mlangoni. Hakumsaidia hata kwa kope. "Jibu, Baba Tatu," akasema. "Mtoto ni mzito."

Jasho lilimtoka Mbaraka, na baridi ya siku ile ilikuwa ya kugandisha maziwa ndani ya ng'ombe.

"Ni mke wangu," akasema mwishowe. Sauti ilikwaruza. "Sikumwacha. Andika wawili, mwanangu, kisha mnipeleke mnakotaka."

"Na nyumba yake?"

"Ndiyo hiyo migomba."

Majirani wakaangua kicheko. Nathanaeli hakucheka, aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa, kama mtu aliyechoka kueleza jambo lilelile kila kijiji.

"Mzee, nani alikwambia wakilala pamoja watahesabiwa mmoja? Mke wa pili ana kodi yake. Alale nyumbani, alale juu ya mti, ni ileile. Ningewauliza majirani tu."

"Ina maana huyu mwenzangu amenikoromea bure?" Mwanahawa akadakia.

"Bure, mama."

Karani akaendelea. Mkonge ulikuwa kwa watafutao mshahara wa haraka. Aliyepungukiwa aliruhusiwa pia kufanya kazi ya serikali mpaka deni lifidiwe, na mwaka huo ilikuwa inajengwa barabara ya kuteremka Soni. Angekwenda kuuliza bomani, angeambiwa.

Mbaraka hakusikia hata nusu. Alikuwa anamwangalia Hassani akimtwisha dada yake mzigo.

"Lakini nimesema ni mke wangu!"

"Umesema, tumesikia. Lakini dada yetu halali kwa mbuzi. Jenga, ndipo umfuate."

Zuhura akaondoka bila kugeuka.

Basi Mbaraka akavunja kokoto kwenye barabara ya Soni, kutwa nzima ukingoni mwa genge, na jioni anakata miti ya kujengea. Genge halikumtisha. Kila mwanamke aliyetokea kwenye kona alimsimamisha nyundo, na kila aliyepita bila kuwa Zuhura alimwongezea hofu kwamba kule kilimani kuna mwanamume mwingine, mwenye paa, ameshapeleka salamu.

Siku moja mwanamke mmoja hakupita. Alisimama, akaweka kapu chini.

"Kula kwanza," Zuhura akasema.

Mbaraka akala bada, ugali wetu wa muhogo, na maharage bila kuonja. "Kaka zako wanasemaje?"

"Wanasema wewe ni mjinga."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwepo ulipojibu." Akaketi juu ya rundo la kokoto, akafungua mbeleko. "Mshike huyu. Nimechoka kumpandisha na kumteremsha."

Mbaraka akampokea Tatu kwa mikono yake iliyojaa vumbi, akasahau kukaa, akasahau alipo. Nyapara akapaza sauti kutoka juu:

"Wewe Mbaraka! Hiyo si nyundo!"